Nzimbu za Kakulu na Kabasa

Kabasa alizaliwa nyuma ya dada yake Kakulu, kabla mama yao hajapata hata nafasi ya kuvuta pumzi, na katika kisiwa cha Luanda hilo lilitosha kuwapangia maisha. Mapacha ni watoto wa Kianda, mwenye bahari. Ukimpa mmoja samaki, mpe na mwenzake. Ukimkaripia mmoja, mkaripie na wa pili hata kama amelala fofofo. Ukipendelea, Kianda humchukua aliyenyimwa. Watu hawakubishana na jambo hilo, maana kila ukoo ulikuwa na kaburi lake la kulishuhudia.

Wakakua, wakaolewa siku moja, wakawa wazamiaji wa nzimbu kama wanawake wote wa pale. Nzimbu ni konokono wa baharini, mdogo kuliko kunde, na kombe lake ndilo fedha ya mfalme wa Kongo, aliyekaa huko bara na hakuwahi kulowa hata kisigino. Maji yakipwa, wanawake waliingia hadi kifuani, wakazama na vikapu vyembamba, wakachota mchanga, kisha wakaketi ufukweni kuchambua: madume huku, majike huku. Majike ndiyo yaliyong'aa na ndiyo yaliyotakiwa. Mapacha wale walimwaga yao katika rundo moja.

Basi Mpanzu, msimamizi mpya wa mfalme, mtu wa bara, akaja ufukweni na nguo iliyofumwa kwa nyuzi za majani ya mwale, laini ajabu. Akalitazama rundo la mapacha, akadhani ni la Kakulu peke yake, akamtupia nguo begani.

"Wewe nzimbu zako zimewashinda wote. Mfalme anakushukuru."

Shangazi Muhongo, aliyewalea, akapiga magoti. "Bwana, hawa ni pacha. Leta ya pili, au rudisha hiyo."

"Mfalme hagawi nguo kama dagaa, mama. Na anayeichana nguo ya mfalme, amemchana mfalme mwenyewe."

Kabasa akacheka ili shangazi yake ainuke. "Shangazi, na tumbo langu hili, kinguo kile kingenizunguka wapi?"

Walipofika nyumbani Kakulu aliishika ile nguo kama anayembembeleza mtoto. "Tutaichana, mdogo wangu. Kwa siri, nusu kwa nusu. Ila niache niivae kesho tu, wanione sokoni."

Hapo ndipo Kabasa angekataa. Lakini tangu wazaliwe hakuna aliyewahi kumtazama mmoja wao peke yake, na alimwonea dada yake huruma.

"Haya, kesho tu. Na usijivune sana, utateguka kiuno."

Kesho yake Kakulu akaenda sokoni, Kabasa akaenda baharini. Maji yalikuwa yametulia mno, ya uvuguvugu. Kikapu chake cha kwanza kilitoka na makombe matupu, kaa wadogo wakichungulia ndani yake. Cha pili vilevile. Wenzake walikuwa wakitoa nzimbu hai palepale alipozamia yeye. Wakaacha kuchambua, wakamtazama.

"Toka majini, mwanangu," Shangazi Muhongo akasema taratibu. Mgongoni alikuwa amembeba mtoto wa mwisho wa Kabasa.

Kabasa akatoka, akaketi mchangani mbali na maji. Bahari ilikuwa inakupwa, kila mtu aliiona ikirudi nyuma kushoto na kulia. Lakini pale alipoketi yeye maji yalipanda, yakamlowesha miguu, yakafika magotini. Akasogea, nayo yakamfuata. Aliogopa hata akashindwa kulia.

Mwanamke mmoja akakimbilia sokoni. Kakulu alirudi mbio, nguo akiipasua kwa meno njiani, akamfunga mdogo wake nusu kiunoni mbele ya kadamnasi. Maji yakaondoka.

Nyuma ya Kakulu alikuwa anakuja Mpanzu na askari wake. Nao walikuwako sokoni, na sasa waliyaona maji yakirudi.

"Nani ameichana?"

"Mimi," Kakulu akasema.

"Mfungeni. Anavushwa bara leo."

Askari wakamtia Kakulu kamba shingoni. Waliovushwa wakiwa na kamba shingoni hawakurudi, na hilo halikuhitaji kuelezwa. Kabasa alijua pia kwamba bahari haikumdai tena kitu. Angeweza kukaa kimya, akanyonyesha mwanawe jioni ile.

Akamwendea askari, akainamisha shingo. "Na mimi."

Mpanzu akashangaa. "Wewe huna kosa."

"Bwana, jana ulimpa mmoja. Umeona yaliyotokea. Kianda haulizi kama ulichotoa ni nguo au ni kamba."

"Acha, Kabasa," Kakulu akamsihi. "Mtoto wako..."

"Nyamaza, dada. Sisi hatujazoea kutengana."

Mpanzu akaitazama bahari, kisha akampa askari ishara ya kichwa, naye akamtia Kabasa kamba. Shangazi Muhongo hakumzuia Kabasa. Aligeuka taratibu, akaelekea nyumbani, akihakikisha kichwa cha mtoto kimelala upande usiotazama maji.