Vidole vya Mama

Mwaka wa korona laini ya simu ya mama yangu ilifungwa, na hadi leo nikipita mbele ya lile duka la huduma za simu mjini Sumbawanga damu hunichemka. Watu huniambia hasira hasara. Najua. Mimi ni mtu wa hasara nyingi.

Laini ilifungwa kwa kuwa haikusajiliwa kwa alama za vidole. Wenzake walipokuwa wakipanga foleni kusajili, mama alikuwa kijijini akipalilia ulezi wake. Kwake simu ilikuwa kitu cha kupokelea tu. Alinunuliwa simu hiyo na mdogo wangu, kitindamimba wake, kabla hajaondoka kupitia bandari ya Wampembe kwenda ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, kufanya kazi kwenye boti za dagaa. Huko mdogo wangu hakuwa na simu. Aliazima za watu, akapiga namba moja tu aliyoijua kwa kichwa, ya mama. Yangu niliibadilisha baada ya kuibiwa simu sokoni, naye hakuwahi kuipata mpya. Basi ile laini ilipozimwa, hakukuwa na njia nyingine ya kutupata. Kisha redio zikaanza kutaja wagonjwa na mipaka iliyofungwa, na mama akaacha kulala.

Shule nazo zilifungwa, nami mwalimu nikabaki nyumbani kwangu Mazwi nikizitazama chaki zangu. Nilimwambia mama asije mjini, mjini kuna ugonjwa. Akaja. Alishuka kwenye pikipiki na furushi la ulezi kichwani, akasema amekuja kufungua simu ya mwanawe. Hakusema simu yake.

Jioni ile tulijifukiza. Kila mtu alikuwa akijifukiza siku zile. Nilichemsha majani ya mchaichai na malimao, tukainamia sufuria, tukajifunika blanketi moja. Baridi ya Sumbawanga ilikuwa imeanza kuuma, na mle ndani kulikuwa na joto zuri. Mama akasema sasa tunaiva kama viazi, asije jirani akatumenya. Nilicheka mpaka nikapaliwa na mvuke. Nilikuwa sijacheka kwa muda mrefu, na niliona aibu kidogo kufurahi wakati hatujui kama mdogo wangu yu hai.

Asubuhi tukaenda dukani. Mlangoni kulikuwa na ndoo ya maji yenye koki, na mlinzi aliyeruhusu watu wachache wachache. Mama akaingia, mimi nikabaki nje nikimwangalia kupitia kioo. Kaunta ya mle ndani ni ndefu, inamfika mama kifuani, na siku zile walikuwa wameizungushia nailoni. Nyuma yake alikaa binti mwenye barakoa, macho kwenye simu yake.

Mama alipofika mbele yake alifanya alivyolelewa. Kwetu Ufipa, mtu wa kumheshimu huamkiwa kwa kuchuchumaa na kupiga makofi polepole. Mama akachuchumaa, akapiga makofi. Binti alipoinua macho hakuona mtu. Akaita anayefuata. Mama akainuka, akaona hajajibiwa, akadhani salamu haikufika, akachuchumaa tena. Kijana aliyekuwa nyuma akapitisha kitambulisho juu ya kichwa cha mama, akahudumiwa, akaondoka. Mwingine naye akapita. Mama alikuwa chini, anaamkia.

Mlinzi alipomtoa nje akisema muda wake umekwisha, nilitaka kuvunja kitu. Nilimwambia mama kesho aongee akiwa amesimama, salamu aziache nyumbani.

"Nianze kumwomba mtu shida yangu kabla sijamwamkia?" akaniuliza. "Nimekusomesha ukawe hivyo?"

Nikanunua mahindi ya kuchoma. Tulikaa ukingoni mwa barabara, barakoa tumezishusha kidevuni, tukala. Yalikuwa mahindi mabichi kabisa, yenye maziwa, na mama alikwangua gunzi mpaka likabaki jeupe. Alisema ya mjini hayafiki ya kwake, lakini aliomba lingine.

Siku iliyofuata niliingia naye kwa nguvu, mlinzi akiniuliza mimi ni mwalimu gani nisiyefuata utaratibu. Nikasema shida yetu. Binti akasukuma kile kimashine chini ya nailoni, lakini kwanza akampulizia mama dawa ya kutakasa mikono, kwa mbali, kama mtu anayeua mbu. Mama akaweka kidole gumba. Kimashine kikalia. Akaweka cha shahada. Kikalia. Vikapita vyote kumi.

"Havisomi," binti alisema.

Nilivishika vidole vya mama nikavitazama, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu utotoni. Vilikuwa laini na vinang'aa nchani. Mama ni mkulima wa matuta. Mvua zikielekea mwisho hugeuza udongo na majani, anafunika, anasawazisha kwa mikono, na mwaka unaofuata analisambaza lile tuta kwa mikono hiyohiyo. Hiyo ndiyo kazi iliyotulisha. Zile alama zilikuwa zimebaki shambani, na dawa yao ilikausha hata kile kidogo kilichosalia. Nikaeleza. Nikaomba wajaribu njia nyingine. Nilikuwa nampigia mbuzi gitaa. Binti akasema mtandao unasumbua, njooni kesho.

Tulikwenda kesho, na kesho nyingine. Wakati mwingine mtandao ulikuwa chini, wakati mwingine binti alikuwa amekwenda kunywa chai. Usiku mama alipaka vidole mafuta ya alizeti, akavifunga kwa kitambaa, akavilalia kama vifaranga. Havikusoma.

Ndipo siku moja, bila kuinua macho, binti akasema, "Hiyo namba ina mtu mwingine sasa. Chukueni mpya."

Nilipiga kelele. Sitaki kuyaandika niliyosema, ila mlinzi alinishika mkono akasahau kabisa habari ya kukaa mbali. Nyuma yangu nilisikia makofi. Mama alikuwa chini ya kaunta, anashukuru.

Tukatoka nje. Nikatoa simu nikaipiga ile namba, nadhani nilitaka kumtukana aliyeichukua. Kwenye kioo pakaandikwa Mama, na mama mwenyewe kasimama kando yangu akijifunga khanga. Akapokea mwanamume. Nyuma yake ng'ombe walikuwa wanalia. Akasema yuko Mtowisa, kule bondeni, akauliza anaongea na nani. Matusi yakanikauka mdomoni. Mama akaichukua simu, akaiweka chini kwenye jiwe, akachuchumaa, akapiga makofi. Kisha akaishika na kueleza polepole, kwa Kifipa na Kiswahili, habari ya mwanawe. Niliweka sauti kubwa nisikie.

Yule bwana akasema, "Shikamoo, mama. Kuna kijana amepiga mara kadhaa. Anasema nimpe mama yake. Mimi nikamwambia amekosea, nikakata."

"Alikuwa anakohoa?"

"Hapana. Ya mwisho alinitukana."

"Ndiye," mama akasema, na uso wake wote ukafunguka.

Nilishindwa kufurahi naye. Nilikuwa namwona mdogo wangu ukingoni mwa ziwa na simu ya kuazima, anakatiwa. Mama aliona kitu kimoja tu, kwamba mtu anayetukana anapumua. Alitembea mpaka Mazwi akitabasamu ndani ya barakoa, akiwasalimia hadi watu wa bodaboda. Tulikuwa tumemwachia bwana yule namba yangu, ampe kijana akipiga tena.

Mama hakurudi kijijini. Aliketi uani kwangu akipeta ulezi, na simu yangu ikilia kwa sababu yoyote ile ungo ulisimama hewani. Kichwani mwangu nilipanga habari mbaya za kila namna. Kisha, Jumapili moja tukitoka kanisani, kioo kikaandika tena Mama. Alikuwa yule bwana wa Mtowisa.

"Mwalimu, amepiga. Nimempa namba. Kaeni karibu na simu."

Tulifika nyumbani, tukakaa uani. Simu ilipolia ilikuwa namba ngeni ya Kongo. Nikaweka sauti kubwa, nikamsogezea mama. Kilichosikika kwanza hakikuwa sauti ya mtu. Yalikuwa makofi, polepole, ng'ambo ya ziwa lote lile. Mama akaacha ungo, akachuchumaa uani, akayajibu, na hakuna aliyemharakisha mwenzake. Makofi yalipokwisha mdogo wangu akazungumza, na nilijua kwa sauti yake kwamba alikuwa amelia au anakaribia kulia.

"Mama, mbona ulimpa mwanamume simu anikatae?"

Mama alivitazama viganja vyake.

"Si mimi, mwanangu," akasema. "Ni vidole vyangu."