Moto wa Katikati pale Lweba

Mpaka leo mtu akiniuliza ile nyumba ya duara pale Lweba ni ya nini, nababaika. Asubuhi utakuta wanaume, mchana utakuta masufuria, na Jumapili niliwahi kukuta kwaya. Nimeuza ndagala, vidagaa vya ziwani, kando yake tangu tofali la kwanza, nimeona kila kitu kwa macho yangu, na bado sijui. Basi acha nieleze habari za Arlette, maana nyumba ni yake, au si yake. Hapo ndipo kichwa kinapoanza kuniuma.

Arlette ni jirani yangu. Kiwanja kile kilikuwa chake na cha mumewe Jérémie. Vita vilipotukimbiza ng'ambo ya ziwa, nyumba yao iliungua, na Jérémie akazikwa kambini, Tanzania. Arlette alirudi peke yake. Akalala kwa dada yake, na pale palipokuwa na nyumba akalima muhogo na mboga za lengalenga. Kujenga hakujenga. Nilipomsumbua sana alinijibu, "Nuru, nijenge nikae na nani?" Nikarudi kwenye ndagala zangu.

Kisha wakaja watu wa mradi, pamoja na Wilfried, mchora ramani za nyumba kutoka Bukavu. Walitaka kujenga mahali pa mtaa mzima: matofali ya udongo wa hapahapa, yaliyoshindiliwa kwa mashine ili mti usikatwe kuyachoma, paa la kukusanya maji ya mvua kwenye tangi, bustani kuzunguka nyumba, kila mama na tuta lake. Humo tungekutana, tungeanika muhogo sakafuni, tungechota maji ya kumwagilia. Kiwanja tu ndicho kilichokosekana, na Arlette akatoa chake. Sharti lake alilisema mbele yetu sote: "Mi nalima hapa mpaka nikufe. Bila ile, hapana." Wakakubali. Mimi sikujua kama rafiki yangu amepata akili au amepata wazimu.

Wilfried alikuwa kijana mwenye adabu, ila aliipenda mila ya Wabembe wa hapa kwetu kuliko Wabembe wenyewe. Aliwauliza wanaume nyumba ya kukutania ya zamani ilikuwaje, wakamchorea mchangani. Ndiyo aliyoijenga: duara, sakafu ya yale matofali, wazi pande zote, nguzo za miti, na katikati shimo la moto. Bomba la tangi akaliweka ndani, karibu na moto, ili watu wakutane hapo. Siku ya sherehe ya kuifungua tulipiga vigelegele hadi sauti zikatukauka. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri.

Asubuhi iliyofuata sherehe, Casimir, mdogo wake marehemu Jérémie, aliwasha moto kwenye lile shimo akakaa. Wakaja wenzake wakakaa. Hakuna aliyewaita. Lakini nyumba ya duara, moto katikati, wanaume wa Kibembe wamekaa, hiyo tayari ni lubunga. Humo wanaume huzungumza mashauri na kula pamoja, wake zao hutuma sahani, na mwanamke hakanyagi ndani. Arlette alifika na ndoo yake akasimama kwenye tuta la mwisho. Hakusogea tena.

"Ingia basi," nilimwambia. Mimi ni wa familia za msikitini. Tuna mambo yetu, lakini hili halimo.

"Nitaingia namna gani? Banaume bameikala."

"Si balisema ni ya batu bote?"

"Balisema. Lakini ile ni lubunga, Nuru. Ao haiko lubunga? Mi sijue."

Akampigia Wilfried simu. Nilimsikia kijana akisema kwa upole, "Ni ya bote, mama, ni ya bote." Arlette akamuuliza, "Kama ni ya bote, juu ya nini mi naogopa?" Simu ikakatika. Mtandao wetu unajua kuchagua wakati.

Kilichonichanganya zaidi ni kwamba wanaume nao walikuwa taabani. Casimir alikuja kununua ndagala kwangu, yeye mvuvi, nikamcheka. Akakuna kichwa. "Mi nilitaka tu kuota moto, mama Nuru. Sasa nikitoka, batasema niliacha lubunga. Nyavu zangu ziko zinaoza kule." Basi wakawa wanakaa humo kwa kuogopana, na wanawake wanakaa nje kwa kuwaogopa wao, na tangi limejaa maji.

Kiangazi kilikuwa kimeshaanza. Arlette akawa anashuka ziwani na kupanda kilima na ndoo kichwani. Mgongo ukamkataa, mboga zikaanza kujikunja, muhogo uliomenywa ukaota ukungu kwa kukosa pa kuanikwa. Siku moja akaniambia anaondoka. Ataenda mjini Baraka kutafuta kibarua, na kiwanja kimekwenda.

Nilikasirika, tena sana. "Umetoa fasi yako, kiwanja chako, halafu unaikimbia kama mwizi! Hapa ni kwako. Pale wanapoota moto, kabla ya hii nyumba yao, palikuwa nini?"

Arlette akapatazama. Alipatazama muda mrefu hadi nikaona aibu kwa ule ukali wangu. Akaenda kwa dada yake, akarudi amebeba sufuria la sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, na kwenye beseni mawe matatu meusi ya masizi. Akapita matuta yote. Akaingia.

Wanaume wakavuta miguu kumpisha. Arlette akayapanga mafiga matatu kuuzunguka moto wao, akatua sufuria juu. Sasa hapo ndipo ungewaona. Mwanaume hakai kuzunguka mafiga. Hilo ni jiko, na jikoni ni kwa mama. Lakini mwanamke naye haingii lubunga. Wakasimama, wakakaa, wakasimama tena. Wengine wakatoka nje, wakabaki wameduwaa katikati ya lengalenga.

"Shemeji," Casimir akasema, "we uko unafanya nini?"

"Napika."

"Hapa?"

"Kaka yako alikuwa anakula wapi?"

Casimir akageuka kulitazama ziwa, akatazama njia ya kupanda kwenda Fizi, akapima kwa macho kama mtu anayetafuta mahali alipoacha kitu. Kisha akayatazama yale mawe.

"Ni hapa," akasema polepole. "Ni hapa kabisa. Ile ilikuwa jiko yenu."

Nilikuwa nimesahau. Nilikula pale mara ngapi, na nilikuwa nimesahau.

Casimir alikuwa amesimama mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje. "Sasa mi nikae ao nitoke?"

"Sijue, shemeji," Arlette akasema. "Shika mwiko."

Akaushika. Arlette akaenda kwenye bomba, akatega ndoo, akafungua. Ndoo ikajaa, ikafurika, maji yakatiririka sakafuni hadi kwenye matuta, naye hakufunga. Alikuwa ametugeuzia mgongo, mabega yanatikisika, sijui kwa kilio au kwa kicheko, na Casimir anakoroga sombe bila kujua anakoroga kuelekea wapi.