Tumbaku ya Lokuruka

Jumba la tajiri wa samaki, pale Lodwar, Akaale alilifagia tangu mwenyewe yu hai. Tajiri alikuwa na kiwanda cha kukausha samaki kule Kataboi ziwani, na huku akajijengea roshani na kutandika zulia mpaka kwenye ngazi. Zulia, kwa vumbi la Lodwar! Alipokufa, watoto wake wakalitoa jumba liwe makumbusho na ukumbi wa ngoma. Akaale akabaki na ufagio wake.

Kilichomweka pale ni kaburi la mumewe. Lokuruka alikuwa mlinzi. Wezi walimuulia langoni wakati mto Turkwel umefurika na njia ya kwao imekatika, akazikwa nyuma ya jumba na kufunikwa mawe. Wafu nao hupewa tumbaku, ndiyo desturi. Basi kila asubuhi Akaale humdondoshea kidogo, humpa habari za wajukuu, kisha hushika ufagio.

Mafundi walipoleta simiti ya uwanja wa ngoma, aliuacha ufagio. Akamfuata msimamizi, kijana wa Kaikor aitwaye Ebenyo, akamsalimu.

"Ejok, Ebenyo. Hapo mnataka kumwaga simiti kuna mtu. Ni baba ya watoto yangu."

Ebenyo hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi. Alisikiliza mpaka machozi yakamlengalenga. Akausogeza uwanja, akalizungushia kaburi kamba nyekundu, akaweka na mkebe wa tumbaku. Akaale alimshukuru kwa mikono miwili.

Siku ya ufunguzi, wacheza ngoma wa Kongo walikuja kutoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma, na wageni wakashuka magarini kwa wingi. Ebenyo akawapanga foleni kaburini: chukua tumbaku, tupa, piga picha. Wengine walikuwa wakicheka. Akaale akasogea na tumbaku yake kiganjani.

"Mama, usivuke kamba," Ebenyo akamwambia kwa adabu. "Simama hapa uelezee wageni venye alikufa. Hiyo ya wezi."

Akaeleza. Akalia, na simu zikainuliwa. Mchezaji mmoja tu, Félicité, aliirudisha tumbaku mkebeni. "Pole, mama," akasema, akaenda zake.

Kundi la pili lilipoingia, Ebenyo akamwita tena. Akaale akafumba kiganja, akarudi penye kamba. Alijuta kufungua kinywa siku ile ya simiti. Chini ya simiti Lokuruka angesahauliwa na wote, lakini angebaki kuwa wake.