Zimwi Lililotaka Mpiga Kasia Mmoja

Nakumbuka, mwanangu, mchana mmoja wa kuchambua pamba, jua likiwa limetukimbiza sote chini ya paa la ghala. Usicheke nikikwambia kwamba wakati huo nilikuwa na sauti. Nilikuwa manju, yaani mtunzi na mwimbishaji wa kundi la ngoma la kijiji chetu. Leo nikiimba hata kuku wanaondoka uani, lakini miaka ile ya sabini, tulipokuwa ndiyo kwanza tumehamishiwa kijiji kipya upande wa Kagongwa, wasichana walilijua jina la Shija kabla hawajaiona sura yake.

Siku hiyo, hata hivyo, sikuwa na raha. Huenda hujui ngoma zetu zilivyoshindanishwa. Baada ya mavuno, makundi mawili huingia uwanja mmoja na kucheza kwa wakati mmoja, na watazamaji wenyewe ndio waamuzi: wanahamia upande unaowapendeza. Ukiinua macho ukakuta umebaki na mama yako na mbwa, umeshindwa. Mwaka ule tulishindwa kila tulikokwenda. Safari ya mwisho hata mama yangu alihama, akasema upande wetu jua lilikuwa linampiga machoni.

Mpiga ngoma wetu alikuwa Maganga, rafiki yangu tangu tukichunga pamoja. Yeye ndiye aliyeleta habari kwamba ng'ambo ya mto amehamia mtu mwenye dawa ya kuvuta watu. Mimi siwasemi vibaya waganga, wapo waliotuponya. Huyu hakutaka ng'ombe wala shilingi. Alitaka tu kwamba mvua zikianza, kundi letu likamlimie. Vijana wa ngoma ndio hao hao waliokuwa wakilima kwa wimbo katika mashamba ya watu, hivyo tuliona ni jambo jepesi.

"Tumlimie mpaka lini?" nilimuuliza Maganga.

"Hakusema. Lakini mzee mwenyewe ni mpole."

Shangazi Kabula alikuwa ameketi nasi, akitenga pamba safi na pamba fifi, ile yenye madoa. Alikuwa ameolewa Uzinza, kule ziwani, akakaa huko hadi mumewe alipofariki, ndipo akaturudia na hadithi nyingi za huko majini. Nilitegemea atatukemea. Yeye akanisogezea kapu tu, akasema, "Ng'wanawane, chambua huku nakusimulia habari za Bugalaba." Ng'wanawane ni mwanangu kwa Kisukuma, na alipolitamka hivyo, taratibu, ulijua huondoki.

Bugalaba, alisema, ilikuwa visiwa vya maskini katika bahari ambayo hakuna mtu wa kwetu aliyepata kuiona. Chombo chao cha kwanza cha majini kilishonwa kwa mbao na kamba na mjane aliyetaka kufuata kuni kisiwa cha jirani. Watoto wa mjane wakaunda vikubwa zaidi, wakapeleka chumvi na kurudi na mtama, na watu wakanenepa. Kisha akatawala mfalme aliyeuliza, kwa nini tubadilishane na tunaweza kuchukua? Basi wakachukua. Visiwa vikaanguka kimoja baada ya kingine, hata ikasemwa kwamba ndege wa bahari hana mlingoti wa kutua usio wa Bugalaba.

Wakaenda kuiteka nchi ya wafugaji. Wafugaji hawakupigana. Waliswaga ng'ombe wao mbali, wakafukia visima, na jeshi lile likakaa ufukweni midomo imepasuka kwa kiu, hadi likarudi kwao. Wakaenda kuwateka watu wa mafunjo, ambao nyumba zao huelea. Kila wakitia nanga, wanakuta nchi yenyewe imeshaondoka. Hapo shangazi akacheka peke yake. "Utamtekaje mtu aliyehama na kijiji chake?" akauliza, na sisi tuliobebwa na malori juzi tu tukacheka naye.

Mfalme alirudi mikono mitupu mara ya pili, akawasikia wake zake wakinong'ona, na minong'ono ile ilimuuma kuliko kiu. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani, lakini nani atamwambia mfalme? Ndipo mazimwi ya bahari yalipoinua vichwa majini. Yalikuwa na sauti za upole. Yakasema, tutazisukuma merikebu zako, hutahitaji upepo tena. Mfalme akauliza bei. Kidogo tu, yakasema. Kila safari utuachie mpiga kasia mmoja, atusaidie kulima huku chini.

Merikebu zikaenda bila upepo, pwani zikaanguka, na Bugalaba nzima ikashangilia. Mpiga kasia mmoja akawa wawili, wawili wakawa safu nzima. Akina mama waliokuja ufukweni kuwaulizia watoto wao waliambiwa wasubiri ushindi unaofuata. Mwishowe merikebu zikawa zinakwenda yanakotaka mazimwi, naye mfalme ameketi, maji yamemfika magotini, akitoa amri alizoambiwa kutoka chini.

"Yalimwachia kigoda chake na ngoma yake," alisema shangazi. "Yalichukua neno lake tu."

Maganga akacheka. "Shangazi, zimwi likujualo halikuli likakwisha."

"Ndiyo, baba. Likikumaliza, kesho atalima nani?"

Mimi nikauliza kama watu wale waliokolewa. Shangazi akapangusa mikono. "Mama mkwe wangu alinisimulia mpaka hapo, akafa. Najua tu kwamba Bugalaba ilikuwa na ndugu waliobaki nchi kavu. Sijui walifanya nini."

Nilikataa ile dawa, mwanangu. Sikukataa kwa hekima, nilikataa kwa woga. Hadithi ilikuwa imeniingia. Maganga akaniita mwanamke mbele ya kundi zima, akabeba ngoma yake, akavuka mto kujiunga na wapinzani wetu, na hao wakaipokea dawa kwa mikono miwili. Mashindano ya mwisho ya mwaka ule watu wote walikwenda kwao. Wote! Sijui kama ilikuwa dawa au ni mikono ya Maganga, maana kijana yule akiipiga ngoma hata kiwete angetikisa bega. Nilirudi nyumbani nikalia, na sioni haya kulisema.

Mvua zikaja. Wenzetu wakaenda kumlimia yule mzee, nasi tukawasikia wakiimba ng'ambo ya mto. Walipomaliza shamba lake akawaonyesha la ndugu yake. Walipomaliza la ndugu yake palizi ikawa imeanza kwake. Aliyeuliza ataondoka lini aliambiwa, kwa sauti ile ile ya upole, kwamba anayeondoka kabla ya kuruhusiwa dawa humgeukia, akapoteza akili. Basi wakalima, huku majani yakila mashamba ya mama zao.

Mama Maganga alikuwa mjane, na Maganga ndiye mtoto wake pekee. Asubuhi moja nikipita nilimkuta ameinama peke yake katikati ya mtama, huwezi kusema upi ni mtama na yapi ni majani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua uso. Moyo uliniuma, lakini hasira bado ilikuwepo. Nikamwambia shangazi, "Si ameyataka mwenyewe Maganga? Mchuma janga hula na wa kwao."

Shangazi akanitazama. "Uliniuliza kama watu wa Bugalaba waliokolewa, nami sikujua ndugu zao walifanya nini. Sasa mbona umekaa?"

Nilikusanya kundi langu. Wengine walinung'unika, lakini kesho yake tuliingia katika shamba la Mama Maganga na majembe yetu, na kwa kuwa hatukuwa na mpiga ngoma, nikaimba tu. Niliiimba Bugalaba yote, mjane na kuni zake, visima vilivyofukiwa, mazimwi yenye sauti za upole. Nilipofika mahali mama wanapokuja ufukweni kuwaulizia watoto wao, kundi likaitikia kwa nguvu hata upana wa mto ukawa si kitu. Ng'ambo kule wimbo wao ukakatika.

Baadaye tukamwona Maganga akivuka, matope hadi magotini. Alinifuata moja kwa moja. "Shija," akasema, "nikichanganyikiwa mnifunge kamba upesi, nisije nikamdhuru mama."

Mama yake alikuwa anakuja anakimbia na jembe bado mkononi. Shangazi, aliyekuwa ametuletea chakula shambani, ndiye aliyemfikia Maganga kwanza.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekula?"

Basi, hayo tu. Akamketisha, akampa ugali na mlenda, na sisi sote tukasimama tunamwangalia anavyotafuna, kila mmoja anasubiri akili imtoke. Alikula akamaliza, akanawa, akatuuliza nani anaimba wimbo ule vibaya vile bila ngoma. Tulicheka mpaka Mama Maganga akakaa chini majanini. Jua lilipogeuka wenzake wakaanza kuvuka, mmoja, kisha wawili, na ng'ambo akabaki mzee mmoja na jembe moja. Mwaka uliofuata tulishindwa tena, na mama yangu akahama tena.

Sasa wewe unafunga mzigo kwenda machimboni Geita, na nasikia kuna mtu wa Buseresere anayekugharimia kila kitu, na ukimuuliza anataka nini anakuambia ni kidogo tu. Mwanangu, msaada ambao mwisho wake haukutajwa usiupokee, hata kama umeshindwa mbele ya watu wote. Kushindwa ni uchungu wa siku, kumilikiwa hakuna siku ya mwisho. Na ukimwona mwenzako amekwisha kuzama, usikae ukihesabu makosa yake. Kampalilie mama yake kwanza.

Nenda, Mungu akufungulie ardhi na akulinde ndani ya shimo na nje yake. Uwe na mikono yako mwenyewe na neno lako mwenyewe. Na ikitokea umepotea, vuka urudi na matope yako hivyo hivyo. Hapa kwangu hutaulizwa ulikuwa wapi. Utaulizwa kama umekula.