Familia Ilianza na Watumishi

Siku aliyofariki Barnaba naikumbuka vizuri, mwanangu, maana nyumba yetu ya Kanoni nusura igawanyike. Barnaba alitoka Burundi akiwa kijana, akaja kulima kibanja cha baba. Alipalilia migomba, akavuna kahawa, akatubeba mgongoni sisi sote. Hakuoa, na ndugu zake hatukuwajua.

Ubishi ulikuwa azikwe wapi. Huku kwetu mtu huzikwa kibanjani kwao. Aliyelala pale ni wa pale, hakuna wa kumwondoa. Kaka yangu Deo, msomi wa nyumba, alikataa katakata.

"Kibanjani wanazikwa watu wa familia. Huyu apelekwe makaburi ya kanisa."

Mimi iliniuma sana, lakini nilikuwa mdogo, na mdogo hasemi msibani.

Akajibu baba mdogo Leo, aliyewahi kusoma seminari. Upadre hakuupata. Kilatini alibaki nacho, na alikitumia zaidi kuwakata watu kauli.

"Deo, hilo neno familia umelitoa wapi?"

"Si ni Kiingereza, baba mdogo? Family."

"Na Waingereza walilitoa kwa Warumi. Famulus ni mtumishi. Familia kwanza walikuwa watumishi wa nyumba moja, ndipo likaja kuwachukua wote, mwenye nyumba na wanawe. Hata Waingereza walianza kwa kuwaita hivyo watumishi. Hii ya wazazi na watoto peke yao imekuja baadaye. Sasa wewe unamtoa nani?"

Deo akanung'unika kwamba Warumi hawakuwa na kibanja Kanoni. Watu wakacheka, maana hata msibani watu hucheka. Baba hakucheka. Aliinuka, akaenda kando ya kaburi la mama yake.

"Hapa nilijiwekea mimi," akasema. "Chimbeni. Mimi mtanisogeza."

Deo akaenda kuchukua jembe.

Mwanangu, siku hizi nawasikia mkisema familia, familia, na dada anayewapikia anakula peke yake jikoni. Mnaniudhi. Sikwambii umgawie shamba. Nakwambia umhesabu angali hai: mkila awepo, mkisali awepo, akiugua umuuguze. Usingoje abishaniwe akiwa maiti.

Mungu akujalie nyumba yenye watu wengi, na siku utakayolala, asitokee mtu wa kuuliza wewe ulikuwa wa nani.