Kiganja cha Ghati Juu ya Jenereta

Mimi Hezekia ni fundi umeme mwenye cheti, na kwa miaka mingi nilijiona najua. Aliyenivua majivuno ni Ghati wa Kewanja, mwanamke ambaye hajawahi kufungua kitabu cha umeme.

Alifika Kewanja wakati dhahabu imepamba moto, watu wakimiminika na sururu kutoka kila upande. Yeye aliona kwamba wachimbaji wote hao wanakula ugali, akauza ng'ombe wawili akanunua mashine ya kusaga ya dizeli. Ikiharibika aliifungua mwenyewe. Akiwa uani anapepeta mtama, alipaza sauti kumwambia aliye ndani kwamba mkanda umelegea, na ukienda kutazama unakuta umelegea kweli.

Mtoto hakujaliwa. Mume alipofariki alifanya kama sisi Wakurya tunavyofanya: akatoa mahari ya ng'ombe, akamwoa binti aitwaye Scholastica ili watoto atakaozaa wawe wa nyumba ya Ghati. Miaka minne ikapita bila mimba. Kisha Scholastica akajifungua mvulana, kabla ya wakati, kwenye zahanati ndogo upande wa Kemambo. Ilikuwa mchana, siku ya tatu ya mvua, na barabara ya kwenda Tarime ilikuwa imekatika.

Mtoto alipumua kwa mashine ya oksijeni, na mashine ilitegemea betri za sola. Jua hatukuwa nalo. Betri zilipokaribia kuisha, muuguzi Dorka akaniita, mimi niliyetunza umeme wa zahanati, niwashe jenereta. Likawaka vizuri tu. Inveta, kile kisanduku kinachochaji betri na kupeleka umeme kwenye mashine, ikalipokea, ikagonga ta, na baada ya sekunde chache ikalikataa. Ikapokea tena, ikakataa tena. Kuifunga mashine ya oksijeni moja kwa moja kwenye jenereta niliogopa, maana umeme ulikuwa unapanda na kushuka, ungeiunguza, na nyingine hatukuwa nayo. Nikaitukana inveta, nikatangaza kwamba imekufa.

Ghati akatoka wodini. Hata shikamoo sikumpa. Akaweka kiganja juu ya jenereta, akaisikiliza inveta ikigonga mara tatu, nne, kisha akaniuliza kwa upole, akiniita kijana kwa Kikurya.

"Mura, mashine ya kusaga ikiwa ndiyo kwanza inaamka, wewe unaimwagia debe zima la mtama?"

Aibu ikanishika. Asubuhi ile ni mimi niliyeiweka inveta ivute chaji yote inayoweza, ili betri zijae upesi. Kila ilipolipokea jenereta, betri zenye njaa zililivamia, injini ikalemewa, umeme ukashuka, na inveta ikaachia. Nikazima swichi ya jenereta, nikashusha chaji mpaka chini kabisa. Nilipotaka kuirudisha swichi, Ghati akanishika mkono.

Akazungusha skrubu ya mwendo wa injini robo mzunguko, akangoja mlio utulie. Akazungusha kidogo tena, akangoja. Dorka alisema kutoka dirishani kwamba betri imebaki asilimia tatu. Nikamwambia Ghati, "Mama, mtoto anakufa." Hakugeuka. Macho aliyafumba, kiganja hakikuondoka juu ya bati la moto, na mvua ikamtiririka shingoni. Nimeingia makanisa mengi, lakini unyamavu wa namna ile sijauona popote. Niliogopa hata kukohoa.

"Sasa," akasema.

Nikawasha. Inveta ikagonga mara moja. Tukangoja igonge tena, na haikugonga. Injini ilinguruma kwa sauti moja tu, na Dorka akatuambia mashine ya oksijeni inafanya kazi.

Nilimtazama mama yule nikamwuliza alijuaje kwamba muda utatosha.

"Sikujua," akasema. "Nilijua tu kwamba tukiharakisha itaachia tena. Muda ungeisha, ni mimi ningekuwa nimemuua."

Akakaa chini kwenye matope, akalia. Ndani, Scholastica alikuwa anamwita aje amwone mtoto. Nikamshika Ghati kiunoni, nikamwinua, tukaingia.