Mama Taji na Waya wa Stendi

Mama Taji alikuwa mshonaji wa mawigi. Wasusi wa kawaida wapo tele, kila mtaa una vibanda vyake, lakini yeye wateja wake walikuwa wanawake ambao nywele zimewatoka: wengine kwa dawa kali za hospitali, wengine kwa maradhi ya ngozi, wengine hata madaktari hawakujua kwa nini. Aliwapokea katika chumba cha nyuma cha nyumba yake, chenye pazia zito mlangoni na redio iliyowashwa kwa sauti ya chini ili walioko sebuleni wasisikie mazungumzo. Mteja alivua kitambaa chake taratibu, na Mama Taji kabla hajanyoosha mkono aliuliza, "Utaniruhusu nikuguse?" Kuna waliolia kwa swali hilo tu.

Baada ya kupima kwa utepe, alipiga picha. Kila kichwa kina mabonde na vilima vyake, na wigi hushonwa siku nyingi mwenyewe akiwa hayupo. Kwa hiyo simu ya Mama Taji ilijaa vichwa vitupu vya wanawake ambao hata waume zao hawakuwahi kuwaona hivyo. Wakimtazama kwa wasiwasi, aliwatuliza kwa kucheka: "Simu yangu hii ni kaburi. Kilichoingia hakitoki."

Siku ya mkasa alikuwa akimpelekea wigi mwalimu mmoja wa kike wa mji wa pili. Alifika stendi mapema, boksi mapajani, akaambiwa basi limepasua tairi njiani, abiria wavute subira. Simu nayo ilikuwa inakata roho, na bila simu asingeweza kuelekezwa nyumbani kwa mwalimu. Ukutani, karibu na benchi, palikuwa na kisanduku kipya cheupe chenye matundu ya kuchomekea waya, na juu yake maandishi makubwa: CHAJI BURE. Mama Taji alikuwa na waya wake mkobani ila kichwa cha chaja alikisahau nyumbani. Akaona neema imemshukia. Akachomeka.

Simu ikatetemeka, ikaandika kitu kwenye kioo. Wakati uleule kipaza sauti cha stendi kikakoroma, naye akainua uso asikie kama ni basi lake. Kidole gumba kikabonyeza chenyewe, kama kilivyozoea kubonyeza kila siku mambo yasiyosomwa. Tangazo lilikuwa la basi lingine. Aliporudisha macho aliwahi tu kuona mwisho wa maneno yakitoweka: kifaa kilichounganishwa kimeruhusiwa kufikia data yako.

Hakuna kilichobadilika, chaji ilipanda vizuri. Lakini lile neno la kuruhusu lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Umeme unaomba ruhusa ya nini? Akampigia mume wa mdogo wake, fundi simu, ambaye kwa utani wao hawakuwahi kusalimiana kistaarabu.

"Shemeji, bado uko hai?" fundi akaanza.

"Nikifa nani atakuvumilia? Hebu nisikilize." Akamsimulia.

Upande wa pili utani ukakatika. "Chomoa."

"Sijamaliza kukueleza."

"Chomoa kwanza, shemeji, utaeleza baadaye."

Akachomoa.

"Sasa sikia," fundi akasema kwa upole. "Waya wa simu una kazi mbili. Unapitisha umeme, na unapitisha vilivyomo ndani: picha, namba, ujumbe. Ukitumia kichwa chako cha chaja kwenye soketi ya ukutani, umeme tu ndio unaopita. Lakini tundu la mtu usiyemjua, nyuma yake kunaweza kuwa na kompyuta. Ndiyo maana simu ilikuuliza. Chaji tupu haiulizi swali hilo."

"Kwa hiyo picha zimechukuliwa?"

"Huenda ndiyo, huenda hapana. Nikisema najua nitakuwa nakudanganya."

Mama Taji alimwendea msimamizi wa stendi, akamweleza bila kupayuka. Msimamizi akakuna kidevu. Kisanduku kililetwa na vijana wawili waliovaa sare. Yeye alidhani wametumwa na ofisi kuu. Akapiga simu ofisi kuu, kumbe nao walidhani ni mpango wake. Akachukua bisibisi, akakibandua palepale. Nyuma yake, pamoja na nyaya za umeme, palikuwa na kijidude kinachowaka taa ya kijani ambacho hakuna aliyeweza kusema ni cha nini. Kikapelekwa polisi, na habari zake zikaishia huko.

Ndani ya basi Mama Taji alitazama mashamba yakipita wala asiyaone. Nafsi moja ilimwambia anyamaze, nani atajua? Nafsi nyingine ilimwonyesha vile vichwa, kimoja kimoja, na ahadi aliyowapa wenyewe. Alipofika kwa mwalimu alikuwa ameshaamua. Hakufungua boksi. Alisema kwanza.

Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, mkono wake ukishika ncha ya kitambaa. "Kwa hiyo picha yangu iko wapi sasa?"

"Sijui, mwalimu wangu."

"Uliniambia simu yako kaburi."

"Nilikuambia. Nisamehe."

"Mimi nasimama mbele ya darasa. Unajua watoto wakipata picha kama ile?" Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililomuumiza Mama Taji zaidi. "Acha boksi mezani. Naomba uende."

Akaenda.

Siku zilizofuata aliwapigia wateja wote. Mmoja alilia. Mwingine akamkatia simu na hakupokea tena, mpaka leo. Bibi mmoja mcheshi akacheka hadi akakohoa: "Mwizi akikiona kichwa changu hiki ataokoka, mwanangu!" Wengi waliomba jambo moja tu, picha zifutwe, naye alizifuta wenyewe wakishuhudia.

Fundi alikuja na mkewe, akakaa na simu ile jioni nzima. Walibadilisha nywila zote. Akamletea betri ya kubeba mkononi, na kizibo kidogo cha kuchomeka kati ya waya na tundu, kinachoruhusu umeme na kuzuia mengine yote. "Na simu ikikuuliza kitu ukiwa unachaji, kataa. Hata ikikubembeleza."

"Kama ninavyokukataa wewe ukiomba chai ya pili."

"Sasa umeelewa," fundi akasema, huku akisogeza kikombe.

Lakini Mama Taji hakutaka tena kuhifadhi picha, hata kwa ulinzi gani. Akajifunza njia nyingine: kumfunika mteja kichwa kwa nailoni nyembamba, kuizungushia selotepu kila upande mpaka ikakakamaa, kuchora juu yake mstari wa nywele kwa kalamu, kisha kuivua taratibu. Hubaki ganda lenye umbo kamili la kichwa, lisilo na uso wala jina. Kazi ilichukua muda zaidi, mikono ikamuuma mwanzoni. Rafuni makopo ya nyuzi yakahama, maganda yakapanga mstari.

Picha hazikuonekana popote. Labda hazikuwahi kutoka, labda zimelala mahali. Hilo hakulijua, akajizoesha kuishi nalo.

Msimu wa mvua ulipoanza, mwalimu alibisha hodi bila kutoa taarifa. Aliingia, akaketi, akavua wigi mwenyewe.

"Linalegea hapa kwenye kipaji," akasema. "Na bado nina hasira na wewe, ujue."

"Una haki."

"Ila nimemaliza muhula mzima nalo, na hakuna aliyenitazama mara mbili."

Mama Taji akamweleza habari ya nailoni. Mwalimu akainamisha kichwa, akazungushiwa selotepu, ikilia kwa kila mzunguko. Kalamu ilipoanza kuchora mstari wa nywele, mabega ya mwalimu yakaanza kutikisika. Mama Taji akashtuka, akadhani analia.

"Nipo kama kiporo cha kuweka kwenye friji," mwalimu akasema, akaangua kicheko.

"Usicheke, utanipotezea mstari!" Mama Taji akamkemea, naye akicheka, mstari ukapinda. Ikabidi wasubiri wote wawili watulie, ndipo akaanza kuchora upya kuanzia sikio la kushoto.